KAZI YA MFANYAKAZI HAIISHII KWENYE LANGO LA BANDARI



Kuna msemo unaosikika sana gatini kwetu hapa Bujumbura: "Mimi ni mtu wa kazi. Mambo ya mtaa ni ya shefu." Msemo huo unasikika viwandani pia, na hata mashambani haukosekani. Mtu anabeba mizigo kutwa, anarudi nyumbani na vumbi la saruji masikioni, anaoga, anakula, analala. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, anamtuma mtoto akasikilize. Mfereji ukiziba mbele ya nyumba, anauruka. Akiulizwa, anajibu kwamba yeye analipwa kwa kubeba magunia, hakulipwa kuchimba mifereji.

Makala haya yanataka kuonyesha kwamba msemo huo unatudhuru sisi wenyewe, tena unatudhuru mfukoni. Hatutapiga domo juu ya uraia mwema. Tutafuata njia ya maji, kutoka uani kwako mpaka gatini, halafu tutazame nini kinaweza kufanywa na mtu asiye na cheo wala shahada.

MFERJI WA MTAANI NA UJIRA WA KULI

Kila mmoja wetu anajua bandari hii inaishi kwa nini. Inaishi kwa meli na matishari yanayotoka Kigoma, Mpulungu, Kalemie na Uvira. Saruji, sukari na shehena nyingine zinapita mikononi mwetu kabla ya kufika dukani. Meli ikiwahi kufunga gati, kibarua wa kutwa anakula. Meli ikikaa nje ikisubiri, kibarua naye anasubiri, na siku ya kusubiri haina malipo.

Sasa tazama mahali tulipo. Mji wetu umekaa chini ya milima, na mito inateremka kwa kasi kupita katikati ya mitaa mpaka ziwani: Ntahangwa, Muha, Kanyosha na mingine. Mto Ntahangwa unapita ubavuni mwa Buyenzi, halafu unaingia ziwani karibu na bandari yetu. Mvua ikinyesha milimani, maji yanashuka yakiwa mekundu kwa udongo. Yakipita mjini yanachukua kila tulichokitupa: maganda, matambara, chupa, mifuko, mchanga wa ujenzi ulioachwa barabarani.

Maji yanayokimbia yana nguvu ya kubeba. Yakifika ziwani yanatulia, na yakitulia yanatua mzigo wake. Udongo unakwenda chini, takataka zinaelea kuzunguka gati. Mwaka hadi mwaka kina cha maji bandarini kinapungua. Ziwa likishuka, chombo chenye mzigo mzito kinapata shida kukaribia. Hapo inatakiwa mashine ya kuchimba na kuzoa tope, na mashine hiyo ni ya fedha nyingi. Fedha hizo hazianguki kutoka mbinguni.

Kwa hiyo, ndugu yangu, takataka uliyoitupa mtoni Jumatatu haikupotea. Ilitangulia kazini kabla yako. Unaikuta pale gatini inakungoja.

Na ziwa likipanda ni balaa la namna nyingine. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Lukuga, upande wa Kalemie. Mito mingi inaingia, mmoja unatoka. Mvua zikizidi kwa miaka, maji hayana pa kwenda. Wazee wanakumbuka jinsi ziwa lilivyojaa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sisi nasi tumeyaona ya kwetu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014 tunaujua sote: mvua kubwa iliangusha nyumba katika mitaa ya kaskazini ya mji, na watu zaidi ya 60 walikufa. Aprili 2020 mto Rusizi ulivunja kingo zake na kuifunika Gatumba. Maelfu ya watu wakahama na magodoro vichwani. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda tena, yakala nyumba za pwani na kuingia mpaka maeneo ya bandari.

Hatusemi kwamba mafuriko yote yametokana na ganda la ndizi la mtu fulani. Mvua ni mvua, na milima iliyokatwa miti haizuii maji. Lakini katika kila balaa kuna sehemu ya mbingu na kuna sehemu ya watu. Sehemu ya mbingu hatuna mkono nayo. Sehemu ya watu ni mfereji uliozibwa, nyumba iliyojengwa ukingoni mwa mto, mchanga uliochimbwa mahali pasipofaa, na mkutano ambao hakuna aliyehudhuria. Hiyo ndiyo kazi yetu.

WALIOTUTANGULIA HAWAKUTENGA KAZI NA MTAA

Wako watakaosema: chama cha wafanyakazi kishughulike na mshahara, mambo ya mtaa yana wenyewe. Historia ya makuli wa Afrika Mashariki inakataa.

Mwaka 1947, tarehe 13 Januari, wafanyakazi wa Mombasa waligoma. Walikuwa watu wapatao 15,000. Walianza makuli na watu wa reli, lakini hawakubaki peke yao: wapishi, watumishi wa majumbani na wa mahoteli nao waliacha kazi. Kwa nini mji mzima ulisimama? Kwa sababu madai hayakuwa ya gatini tu. Kodi ya nyumba ilikuwa imepanda, vyakula vimepanda, na watu walilala wamebanana chumbani. Madai yalikuwa ya mtaa mzima, ndiyo maana mtaa mzima ulitoka. Kila siku walikutana katika uwanja ambao wenyewe waliupa jina Kiwanja cha Maskini. Pale walisikilizana, wakapeana habari, wakaamua pamoja. Mgomo uliendelea siku 12. Baadaye wafanyakazi walipata nyongeza ya mshahara na posho ya nyumba. Kiongozi wa shirikisho lao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa mbali na Mombasa. Yeye aliondolewa, lakini somo lilibaki: kuli mwenye jirani ana nguvu kuliko kuli mwenye misuli.

Na hapa kwetu, mji huu ukiitwa bado Usumbura, kulikuwa na somo jingine. Mwaka 1957 Louis Rwagasore alianzisha ushirika wa wafanyabiashara Waafrika, ili mtu mdogo apate bidhaa bila kunyonywa. Alikuwa mwana wa mwami, lakini miongoni mwa waliomuunga mkono mapema walikuwa Waswahili wa Buyenzi, mafundi na wachuuzi wa kawaida kabisa. Ushirika ule ulipata vikwazo vingi chini ya wakoloni wa Kibelgiji na haukudumu. Lakini watu waliokaa pamoja kuhesabu magunia ndio waliokaa pamoja baadaye kudai uhuru. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake kilishinda viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo aliuawa kwa risasi, hapa hapa mjini, kando ya ziwa.

Tunawataja hawa si kwa ajili ya kuwapamba. Tunawataja kwa kuwa walianza na mambo madogo ya karibu: kodi ya chumba, bei ya chumvi, gunia la bidhaa.

MTAA UNA MILANGO YAKE, UIJUE

Mfanyakazi mpya akija gatini tunamwonyesha: hapa ni kwa msimamizi, hapa ni ghala, hapa unaandikisha jina. Je, mtaani kwako unajua milango?

Mlango wa kwanza ni nyumbakumi. Neno hili linajulikana sana kwa jirani zetu wa Tanzania, ambako TANU ilieneza mashina ya nyumba kumi miaka ya 1960. Nyumbakumi ni wa kwanza kujua nani mgonjwa, nani mgeni, nani amebomokewa na ukuta.

Mlango wa pili ni baraza la mtaa, na kwa wenzetu wa vijijini ni baraza la kilima. Sheria ya komine ya mwaka 2005 iliweka wajumbe watano, wanaochaguliwa na wakazi wenyewe. Aliyepata kura nyingi kuliko wote ndiye anakuwa shefu. Wanagombea kwa majina yao, si kwa vyama vya siasa. Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulifanyika Septemba 2005, na wa karibuni Agosti 2025. Fikiri vizuri, ndugu: mtu anayeamua mfereji upi uzibuliwe kwanza anachaguliwa na kura chache za majirani. Kura yako pale ina uzito kuliko mahali pengine popote.

Mlango wa tatu ni komine. Mwaka 2025 nchi yetu iliacha mikoa 18 na komine 119, ikawa na mikoa 5 na komine 42. Maana yake komine zimekuwa kubwa, na ofisi kwa wengi imekuwa mbali zaidi. Ofisi ikiwa mbali, sauti ya mtu mmoja haifiki. Inafika sauti ya kikundi.

Wako pia wazee, Bashingantahe, ambao tangu zamani wanapatanisha watu. Na zipo kazi za pamoja za asubuhi ya Jumamosi. Wengi wanazichukulia kama adhabu: unashika jembe mbele ya macho ya watu, unaliweka chini wakiondoka. Lakini asubuhi ile ni saa ambayo mtaa mzima uko nje na zana mkononi. Ikipangwa vizuri, na watu wakisema mapema kazi ipi ni ya haraka, saa mbili hizo zinaokoa nyumba.

Hata ziwa lenyewe lina mlango. Tarehe 12 Juni 2003, huko Dar es Salaam, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kulilinda Ziwa Tanganyika. Mkataba huo unakubali kwamba wakazi wa kando ya ziwa washirikishwe katika mambo yake, na kwamba mwenye kuchafua ndiye agharimie. Makao ya mamlaka ya ziwa yamewekwa hapa Bujumbura. Basi usidhani unapozungumzia takataka unaomba hisani. Unazungumzia jambo ambalo serikali nne zimeliwekea sahihi.

MAZOEA YA CHAMA YAPELEKWE MTAANI

Sasa tunafika kwenye kiini. Mfanyakazi aliye katika chama ana kitu ambacho majirani zake wengi hawana. Si fedha, maana fedha hatuna. Ni mazoea. Sisi tumezoea kukaa mkutanoni, kuandika yaliyosemwa, kuchagua mjumbe, kudai jibu, na kuhesabu michango mbele ya macho ya wote. Mazoea hayo mtaani ni dhahabu.

Nitatoa mfano wa barabara yetu. Mwaka mmoja mfereji wetu mkubwa uliziba, na maji machafu yakawa yanaingia uani kwa watu. Wakazi walikuwa wakienda katika ofisi moja kulalamika, kila mtu kwa wakati wake. Kila mmoja aliambiwa arudi kesho. Ndipo sisi watu wa bandarini watatu, mama wawili wanaouza ndagala, na fundi mmoja wa gari tukakaa barazani jioni. Tukakubaliana kufanya kama tunavyofanya chamani.

Tulizunguka nyumba kwa nyumba, tukaandika nyumba zipi zimeingiliwa na maji na watoto wangapi wameugua tumbo mwezi huo. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, bila matusi. Tulisema mambo mawili tu: sisi tutachimba, ninyi leteni lori la kuzoa tope na vifuniko vya zege. Tulitaja tarehe tunayotaka jibu. Tulipeleka nakala mbili. Moja waliichukua, moja waliipiga muhuri tukarudi nayo. Siku tuliyotaja ilipofika bila jibu, tulirudi sita, na ile nakala yenye muhuri mkononi. Lori lilikuja wiki iliyofuata. Vifuniko havikuja, na mpaka leo tunavidai. Lakini maji hayaingii tena uani.

Katika jambo hilo hapakuwa na msomi hata mmoja. Mimi mwenyewe nimeishia shule ya msingi. Kilichofanya kazi ni haya:

Kwanza, kwenda pamoja. Mtu mmoja ni mlalamikaji, watu sita ni ujumbe.

Pili, kwenda na hesabu. "Hali ni mbaya" haimsumbui mtu ofisini. "Nyumba kumi na saba zimeingiliwa na maji" inamfanya ashike kalamu.

Tatu, kutoa kabla ya kudai. Ukisema "sisi tutachimba", unamfunga mwenzako mdomo wa kusema wananchi ni wavivu.

Nne, kuandika na kutunza karatasi. Maneno hupeperuka, muhuri hubaki.

Tano, kurudi. Wengi wanakwenda mara moja. Ofisi inawajua watu wa mara moja.

Sita, fedha ihesabiwe hadharani. Michango ya mtaa huvunjika mahali hapo hapo panapovunjika upatu, au likelemba kama wengi tunavyouita huku: pale mtu mmoja anaposhika fedha na daftari yeye peke yake. Mmoja ashike fedha, mwingine daftari, na kila mwisho wa mwezi isomwe kwa sauti.

VIZUIZI, TUSIVIFICHE

Hatusemi kwamba ni rahisi. Cha kwanza ni uchovu. Aliyebeba magunia tangu alfajiri hana nguvu ya mikutano mitatu kwa wiki. Basi asiende yote. Wafanyakazi wanne wa barabara moja wapeane zamu: leo wewe, mwezi ujao mimi, na anayekwenda awaletee wenzake habari gatini saa ya chakula.

Cha pili ni dharau kwa wanawake. Mtaa unaujua zaidi yule anayeshinda ndani yake. Mama ndiye anayejua bomba linakauka saa ngapi na mto unapanda mpaka wapi. Kikundi kisicho na akina mama ni kikundi kinachobahatisha.

Cha tatu ni kizito zaidi. Mji huu umeona damu. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993, mitaa mingi iligawanyika kikabila, na mwaka 1994 na 1995 zilikuwako siku za "ville morte", mji umefungwa kwa nguvu na mtu hawezi kwenda kazini bila kuhofia roho yake. Halafu kati ya mwaka 1996 na 1999 jirani zetu walituwekea vikwazo vya biashara, na bandari inayoishi kwa mzigo wa jirani ikaonja njaa. Kwa hiyo wapo wanaoogopa kila kikundi, wakisema vikundi ndivyo vilivyotuponza. Tunawaelewa. Lakini kilichotuponza ni vikundi vya kutafuta nani si mwenzetu. Kikundi cha mfereji hakiulizi wewe kabila gani wala chama gani, kwa kuwa maji yakipanda hayaulizi. Jirani mliyechimba naye mfereji Jumamosi hadi Jumamosi ni vigumu kumgeuka siku uvumi ukija. Huo nao ni ulinzi wa amani, tena hauhitaji bunduki.

Shika sharti hili: kikundi cha mtaa kisigeuzwe ngazi ya mtu ya kupandia cheo. Mwenye kutaka kura aende kuomba kura. Sisi tuna tope la kuzoa.

KWA WENZETU WA VIWANDANI NA MASHAMBANI

Ndugu wa viwandani, maji ya kiwanda yanatoka kupita wapi? Mnayajua kuliko mkaguzi. Ndugu wa mashamba ya milimani juu ya ziwa, udongo unaoteremka unapita kwenu kabla ya kutufikia sisi. Mti na jani lililooteshwa ukingoni mwa kijito kwenu ni kina cha maji kwenye gati letu. Ndugu wa miwa ya Moso na wa michikichi ya Rumonge, barabara ya kilima, zahanati, shule ya watoto, yote yana mkutano wake na baraza lake. Nendeni mkaulize: zamu ya kuamua ni lini, na nani anatuwakilisha?

Na wote tukumbuke amri ya mwaka 2018 iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki nchini na kutoa miezi 18 ya kujiandaa. Amri bila majirani ni karatasi. Majirani wakikubaliana kwamba mtoni hakitupwi kitu, hata askari hahitajiki.

ANZA WIKI HII

Usingoje semina. Wiki hii fanya mambo matatu. Mtafute nyumbakumi wako umjue kwa jina, naye akujue. Uliza mkutano ujao wa mtaa ni lini, uandike tarehe ukutani. Kisha utembee na mfereji wako, kutoka mlangoni kwako mpaka unapoingia mtoni, uone umeziba wapi, na uwaite jirani wawili waone pia.

Jumamosi mchukue majembe. Anayeulizwa na mwenzake gatini "wewe umekuwa shefu lini?" amjibu hivi: sikuwa shefu, nalinda kazi yangu.

Mshikamano wetu uanzie nyumbani.